Vifaranga Mia Nne na Disketi ya Saba

Vifaranga mia nne wa siku moja hawalii kama kifaranga mmoja mara mia nne. Wanatoa sauti moja tu, isiyo na mwanzo wala pumzi, kama mtu anayekaanga kitu chembamba kwenye mafuta mengi na amekataa kukiepua. Sauti hiyo ilijaa ofisini kwetu Malaba kutoka saa mbili asubuhi hadi jioni, na mpaka leo nikipita jikoni kwa mtu nikasikia omena wanakaangwa, nageuka kutafuta maboksi.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja na kijichumba, nyuma ya gesti, hatua chache kutoka mahali malori yalipokuwa yakipanga foleni ya kuingia Uganda. Mwenye ofisi tulimwita Mama. Kabla ya hapo alikuwa amevusha mayai na sukari kule Busia kwa miaka mingi, kisha miguu ikamchoka, akaanza kazi ya kuwatayarishia watu karatasi za mizigo. Alisema ni kazi ileile, ila sasa unakimbia ukiwa umekaa.

Mimi alinichukua kwa majaribio ya mwezi mmoja. Shule niliiacha kidato cha pili, lakini nilikuwa na cheti cha wiki sita cha kompyuta kutoka Amagoro, nimekitia ndani ya plastiki, nikawa nakitembeza kama watu wanavyotembeza picha ya mtoto wao. Cheti kilisema nimefaulu kuchapa na kutunza faili. Hakikusema kwamba darasani tulikuwa watu kumi na mmoja kwa kompyuta moja, na mimi nilikuwa nakaa nyuma. Ndoto nilikuwa nazo nyingi na nilizibadilisha kila wiki. Wiki hiyo nilikuwa nimeamua kuwa yule mtu anayetangaza safari za ndege uwanjani, ingawa uwanja wenyewe sikuwahi kuuona.

Programu tuliyotumia iliandikwa na mpwa wa Mama, aliyekuwa akisoma chuo Kampala. Ilikuwa hivi: unafungua ukurasa kwenye kompyuta ya mbele, unajaza jina la mwenye mzigo, namba ya gari na idadi ya vitu. Ukibonyeza, ombi lako linapita kwenye waya hadi kompyuta nyingine iliyokaa peke yake kijichumbani, na hiyo ndiyo inafanya kazi yote na kukurudishia karatasi iliyo tayari kuchapwa. Hiyo ya kijichumbani tuliiita seva. Mama aliifunika kwa kitambaa cha kufuma, na alikuwa anapiga hodi kabla ya kuingia ilipo.

Kwa siku tisa tulikuwa tunafanya mazoezi ya kujaza tu. Ukurasa wa kutengeneza karatasi hatukuwahi kuujaribu, kwa sababu fomu za zamani za kujaza kwa mkono zilikuwa bado zipo. Lakini siku ya tisa Mama aliamua kwamba tumekomaa. Akachukua bunda lote la fomu, akampa mama anayeuza njugu pale barabarani afungie njugu zake. "Ofisi hii haiandiki tena kwa mkono," alimwambia, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye malori.

Asubuhi iliyofuata ndipo akaja mzee mmoja mwenye pikapu, na maboksi manne yenye matundu.

Vifaranga alikuwa anawapeleka Tororo kwa binti yake, ambaye alikuwa ameachwa na mume na sasa anajaribu kufuga kuku. Karatasi za mifugo alikuwa nazo. Iliyobaki ilikuwa yetu tu, ukurasa mmoja. Alieleza kwamba kifaranga akishaanguliwa huwa amebeba chakula chake tumboni, anaweza kusafiri siku mbili bila kula, lakini ya tatu hawezi. "Na hii ni ya pili," alisema, akivua kofia kana kwamba ameingia kanisani.

Nilijaza jina lake. Nikajaza mia nne. Nikabonyeza.

Badala ya karatasi, ukurasa uligeuka mweupe, na juu yake kukawa na mistari mitatu ya Kizungu. Nilifanya kile ambacho mtu yeyote aliyekaa nyuma darasani angefanya: niliufunga haraka kabla haujaonekana. Nikajaza tena, nikabonyeza tena. Mistari ni ileile.

"Inasema nini?" Mama aliuliza.

"Inasema tungoje."

Haikusema tungoje. Lakini tulingoja, tukiiangalia, wote watatu. Mama akaniambia niizime na kuiwasha. Nikaizima na kuiwasha. Akapiga simu Kampala kwenye hosteli ya mpwa wake, mlinzi akapokea, akasema kijana yuko kwenye mtihani, akakata. Hapo Mama akaweka mkono juu ya kompyuta ya mbele, akafumba macho, akaiombea kwa dakika nzima, akimkemea kila aliyeifunga. Mzee aliitikia amina. Mimi nilitaka kusema kwamba mgonjwa yuko chumba kingine, na huyu tunayemwekea mkono ni mtu wa kupeleka ujumbe tu, lakini maombi huwezi kuyakata katikati ili utoe maelekezo.

Usiku ulikuwa umenyesha na upepo wa mlangoni ulikuwa baridi. Mzee akaniuliza, "Dada, hakuna mahali penye joto hapa?"

Palikuwepo mahali pamoja tu. Nyuma ya seva kulikuwa na kifeni kidogo kilichopuliza hewa ya moto mchana kutwa. Tukapanga maboksi manne hapo, na vifaranga wakanyamaza kidogo, kisha wakaendelea, lakini kwa furaha. Kwa hiyo nisiseme seva haikufanya kazi siku hiyo. Ililea.

Mama alikuwa amesimama mlangoni akiangalia foleni. Mzee akavuta kiti karibu nami. "Hebu isome yote, polepole," alisema. "Mimi Kizungu changu ni cha barabarani, lakini hata kibao cha daraja bovu sisomi nusu."

Kwa hiyo nikaisoma. Neno moja moja, kidole kwenye kioo. Ilikuwa inasema kwamba programu imeshindwa kuifungua maktaba fulani, ikataja jina lake, kwa sababu faili hilo halipo.

Neno maktaba mpwa alikuwa amenieleza alipokuja kuziunganisha kompyuta. Programu haifanyi kila kitu yenyewe. Kuna kazi ndogondogo, kama kuchora mistari ya jedwali au kupanga maandishi kwenye karatasi, ambazo watu wengine walishaziandika zamani na kuziweka pamoja, ili kila mwenye programu aje kuazima badala ya kuanza upya. Mkusanyiko huo ndio maktaba. Programu ikifika mahali pa kuazima na isikute kitu, haisongi mbele hata hatua moja.

Nilimweleza Mzee. Alifikiri.

"Si iazime kwa jirani."

"Jirani hana seva," Mama alisema kutoka mlangoni, na hata katika shida ile niliona kwamba sentensi hiyo ilimpendeza.

Nikaingia kijichumbani na daftari ambalo mpwa aliniachia. Alikuwa ameniandikia amri za kuipa mashine, moja moja, kama mapishi. Nikafungua mahali maktaba zinapokaa, na nikaona moja yenye jina karibu sawa na lile linalotafutwa, ila namba ya mwisho ni tofauti. Nilifikiri, hawa ni ndugu. Nikanakili ile iliyopo, nakala nikaipa jina la ile iliyopotea, nikaizima seva na kuiwasha, nikakimbia mbele, nikabonyeza.

Mistari ile haikutokea. Ikatokea mingine: sasa inayokosekana ni maktaba ya pili.

"Tumesonga mbele," nilimwambia Mzee.

Nikatafuta ndugu wa ile ya pili, nikazima na kuwasha tena. Ikakosekana ya tatu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kosa lile lilikuwa na adabu mbaya: lilikuwa linataja mmoja tu, yule wa mbele mlangoni, wakati nyuma yake wamejipanga wengine. Nilipoipatia ndugu hiyo ya tatu, ukurasa ulifunguka kweli. Karatasi ikatoka kwenye printa, nzuri, ina mistari. Upande wa bidhaa kulikuwa na nyota tupu, na mahali pa mia nne palikuwa na alama za kuuliza, nane.

Mzee aliishika karatasi kwa mikono miwili, akaiangalia kwa heshima.

"Hata mimi nikiwa askari ningekuuliza," alisema.

Nikarudi nikafuta ndugu wote watatu. Kisha nikafanya kitu ambacho ningefanya kwanza kama ningekuwa na akili ya siku ya kwanza. Nyuma ya daftari mpwa alikuwa ameandika orodha ya faili zote, na kando ya kila faili namba ya disketi iliyolibeba, kwa sababu programu nzima ililetwa kwenye disketi kumi na mbili. Nikachukua kalamu, nikaita faili kama mwalimu anavyoita majina asubuhi. Aliyepo, alama. Asiyepo, mviringo. Nilipomaliza nilikuwa na miviringo sita, maktaba tatu na faili tatu za herufi, na yote sita ilikuwa ya disketi ya saba.

Nikafungua droo. Nikahesabu disketi. Kumi na moja.

"Mama," nikasema. "Disketi zilikuwa kumi na mbili."

"Zote zilikuja."

"Zimekuja kumi na moja."

Mama alikaa. Akazihesabu mwenyewe, mbili mbili, akifumba jicho moja. Kisha akasema, kama mtu anayeongea na ukuta, "Huyo hajaulizwa."

Ndipo likatoka lote. Disketi zilipofika Busia kutoka Kampala kwa basi, Mama alikuwa amekwenda kuzipokea upande wa Uganda. Hazikuwa magendo, hakuna mtu aliyezikataza, angeweza kuzitia kwenye mkoba na kuvuka nazo akiimba. Lakini mikono yake haikujua njia nyingine. Miaka yote ile hakuwahi kuweka mzigo wote kwenye baiskeli moja. Mmoja akikamatwa, wengine wanapita. Kwa hiyo alizigawa. Mbili kwa kijana wa boda, tatu kwa mama wa omena, moja kwa mtu wa nyanya, na kuendelea hivyo. Ndiyo maana zilikuwa zinanifikia ofisini siku tofauti na mikono tofauti, na ndiyo maana ya tatu hadi ya tano zilikuwa na harufu ya samaki. Mimi nilikuwa nazipokea na kunakili bila kuhesabu, nikidhani teknolojia ndivyo ilivyo.

"Na ya saba?"

Ya saba alipewa mwanamume mmoja mlemavu mwenye baiskeli ya magurudumu matatu, aliyekuwa mchukuzi wake mwaminifu kuliko wote. Na katika kazi yao kulikuwa na sheria: ukiona askari wamesimama mahali usipowazoea, unarudi na mzigo, unaukalia. Huupeleki, hutumi salamu, hutaji jina la mwenyewe. Unangoja mwenyewe aje kuuliza.

"Na wewe hukwenda kuuliza," Mzee alisema.

"Nilisahau kama ni mzigo," Mama alisema. "Ni mwepesi."

Simu ya kumpigia mtu huyo haikuwepo. Mama hakuweza kuacha ofisi, Mzee hakuweza kuacha vifaranga, kwa hiyo nilikwenda mimi. Ilikuwa saa nne. Kabla sijatoka Mzee alichungulia maboksi yake, akaniambia kwa upole kwamba hawajaanza kukaa vibaya. Alisema "hawajaanza". Barabara ya Amukura ilikuwa tope, gari likateleza hadi kwenye shamba la mihogo la mtu, tukalisukuma wote pamoja na mwenye shamba, ambaye alikuwa anatutukana huku akisukuma. Nilifika Busia saa saba, na tope hadi magotini.

Nilimkuta karibu na mpaka, chini ya mwavuli alioufunga kwenye baiskeli, anauza betri na leso. Nikamwamkia, nikamwambia nimekuja kuchukua mzigo.

"Mzigo gani?"

"Disketi."

"Mimi nauza betri."

"Nimetumwa na Mama."

"Mama yupi? Busia nzima ni mama. Hata wewe kesho utakuwa mama."

Nilimtajia Malaba. Hakushtuka. Nilimtajia mayai, sukari, miaka ile. Aliniuzia leso. Niliona jua linasogea, nikawafikiria wale viumbe nyuma ya kifeni. Mimi nikitaka kulia huwa naongea sana, basi nikaanza kuongea. Nikasema ni Mama yule anayemimina chai kwenye kisahani na kuipuliza hata kama imeshapoa. Anayehesabu mayai mawili mawili akifumba jicho moja. Anayeipigia hodi kompyuta.

Hiyo ya hodi hakuijua, lakini alicheka mpaka mwavuli ukatikisika. "Sasa unaongea," alisema.

Akafungua kisanduku chini ya kiti chake, akatoa mkebe wa majani ya chai, na ndani ya mkebe karatasi ya plastiki, na ndani ya plastiki kitambaa, na ndani ya kitambaa disketi ya saba, safi kuliko siku iliyotengenezwa.

"Waliniambia haipendi jua," alisema. "Wala sumaku. Redio yangu ina sumaku, nimeihamishia kwa jirani. Wiki mbili sijasikia habari za dunia. Mwambie Mama amechelewa."

Nilirudi Malaba saa kumi. Mzee alikuwa amekaa sakafuni kijichumbani, akiwapa vifaranga maji kwa kizibo cha chupa ya soda, mmoja mmoja, na Mama akiwa amemshikia taa ya mkono awaone vizuri. Walinitazama mikono tu.

Disketi ilipoingia ililia kama mlango wa zamani, lakini ilisomeka. Faili zote sita nikazinakili mahali pake, nikazihesabu, nikazihesabu tena. Nikaenda mbele. Nikabonyeza.

Mistari ileile ya asubuhi. Maktaba ileile. Haipo.

Nafikiri hapo ndipo nilipoacha kuwa mtangazaji wa ndege. Nilikaa nikaitazama. Nilikuwa nimeiona kwa macho yangu, iko pale, nimeileta mwenyewe kwa tope, na mashine inaniambia kwa utulivu kwamba haipo. Mama alianza kunyoosha mkono wa kuombea.

"Mama, ngoja kidogo," nikasema. Sikuwahi kumwambia Mama angoje.

Nikachukua daftari, nikasoma yale mapishi kutoka juu hadi chini, bila kuruka. Mstari wa mwisho kabisa, umeandikwa kwa haraka pembeni, ulikuwa amri moja fupi, na chini yake mpwa ameongeza: ukishaweka maktaba mpya lazima uiambie mashine ihesabu upya, haitazami yenyewe mpaka izimwe na kuwashwa. Asubuhi nilikuwa naizima na kuiwasha kila mara, sasa sikuizima, kwa hiyo ilikuwa inatumia hesabu ya zamani. Ilikuwa kama mchukuzi wa Busia. Kitu inacho, ila hakuna aliyeuliza kwa njia inayotakiwa.

Nikaandika amri. Ikanyamaza. Nikaenda mbele, nikabonyeza.

Printa ilikohoa, ikavuta karatasi, na jina la Mzee likatoka herufi kwa herufi, na namba ya pikapu, na Tororo, na vifaranga, mia nne. Mama aliichukua kabla haijamaliza kutoka, akaigonga mhuri mara mbili. Mhuri wa pili haukuhitajika, ulikuwa wa raha.

Mzee alianza kubeba maboksi. Kwenye la tatu alisimama. Akaingiza mkono taratibu, akatoa kifaranga mmoja, amelala kiganjani na shingo imelegea.

Nikarudi kwenye kibodi, nikaanza kufuta mia nne niandike mia tatu tisini na tisa.

"Usiguse," Mama alisema.

"Lakini Mama, karatasi sasa si kweli."

"Inafanya kazi. Usiguse."

"Na karatasi ya kule walikoanguliwa inasema mia nne," Mzee aliongeza. "Nikifika na nyingine ya tofauti wataniuliza wa mia nne yuko wapi mpaka kesho, na kesho hao wengine hawana. Wacha, binti yangu. Katika mia nne huwa anaenda mmoja, hata pasipo kompyuta." Akanishikisha yule kifaranga kwa sababu alihitaji mikono, akapakia, akaondoka. Kabla giza halijaanza alikuwa amevuka. Dereva wa lori aliyekuwa nyuma yake alikuja kutuambia kwamba askari hata hawakuhesabu, waliziba masikio wakampungia apite.

Mama aliniambia majaribio yangu yamekwisha, nije Jumatatu kama mtu wa kazi, kisha akaenda kumtafuta mama wa njugu amsimulie.

Nikabaki peke yangu. Kifaranga alikuwa mwepesi kiasi kwamba ilibidi nitazame kuona kama bado nimemshika. Nikatafuta boksi tupu la disketi, nikamlaza humo, nikafunga ofisi. Kwenye daraja watu walikuwa wanavuka na mikungu ya ndizi na magodoro, na hakuna aliyeniuliza nimebeba nini. Nilipita hadi upande wa Uganda, nikashuka kando ya barabara palipokuwa na udongo laini, nikachimba kwa rula ya ofisi shimo la kutosha, nikamweka. Karatasi ilisema mia nne wamevuka, na aliyeiandika nilikuwa mimi. Nikafukia, nikafuta rula kwenye majani, nikarudi Kenya.